Ndugu wa Muziro Mmoja

"Mama Nancy, hivi wakikuuliza mimi nimezaliwa wapi, utawaambia nini?"

Swali hilo Magdalena aliliuliza zamani kidogo, mwaka ule watu walipokuwa wanaandikishwa vitambulisho vya taifa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni kwa Penina, anamenya ndizi, maganda yanaangukia jani la mgomba alilolitandika miguuni. Penina alikuwa anachochea moto. Akacheka.

"Nitawaambia umezaliwa na mama yako, kama sisi wote."

Magdalena naye akacheka, ila kicheko chake kilichelewa kuja, kisha akaendelea kumenya. Penina alikuona kuchelewa kule. Ni mtu wa kuona mambo. Hata kanisani anajua nani ameketi wapi na nani hakuja. Lakini maharage yalikuwa yanafurika, akainuka kufunua sufuria, na aliporudi kukaa walikuwa wameshahamia kwenye habari za ubatizo wa mjukuu wa mtu. Swali likabaki pale chini pamoja na maganda.

Nyumba zao zimepakana, Nshambya, Bukoba, kibanja kwa kibanja, shamba la migomba la huyu likigusa la yule. Penina ni Mlutheri, Magdalena Mkatoliki. Wote wajane. Mume wa Penina alifariki mwaka wa kumi na moja sasa. Binti yake Nancy yuko Dodoma, hupiga simu Jumapili, na Jumapili nyingine husahau. Mume wa Magdalena, Mwijage, alikuwa fundi seremala. Amelazwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe, katikati ya migomba, kaburi limesakafiwa na kila Jumamosi linafagiwa. Walimpata mtoto mmoja, Annastella, ameolewa Karagwe. Mtoto wa kiume Mungu hakuwapa.

Mwijage alimtoa Magdalena Kyotera, ng'ambo ya mpaka, alikokwenda kutafuta kazi ya kupaua nyumba. Ilikuwa miaka michache tu baada ya vita vya nchi hizi mbili, watu bado wanaogopana, na majirani walimtazama bibi harusi yule kama mtu anayetazama mbwa wa mwenzake. Penina ndiye aliyemfuata kisimani. Hakumuuliza jina kwanza. Alimuuliza kama wazee wanavyouliza: "Kwenu mnazira nini?"

"Engabi," akajibu yule mgeni.

Penina akatua ndoo. Kwao pia, kwa baba yake, hawali engabi, yaani pongo. Kila ukoo una mnyama wake ambaye haumli, ndio muziro, na wenye muziro mmoja ni ndugu, hata kama hawajawahi kuonana. Hawaoani. Wakifiwa, wanakaa ndani kwenye nyasi pamoja na wenye msiba, si nje na wageni. Penina alipofiwa, Magdalena hakukaa nje na majirani. Aliingia ndani akaketi kwenye nyasi, bega kwa bega na dada za Penina wa tumbo moja, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Basi kwa miaka arobaini wakawa hivyo. Na tangu waume zao waondoke, kila siku saa kumi jioni Magdalena hupita katikati ya migomba, huketi jikoni, wanatafuna akamwani, zile buni zilizochemshwa na majani ya harufu, na wanasikiliza redio ya Penina. Mtu mwingine wa kusema naye neno refu Penina hakuwa naye. Alikuwa na watu wa kusalimiana nao, hao walikuwa wengi.

Ndipo mwaka huu yakaingia maneno ya kujitoa.

Yalianzia mpakani, kama kawaida ya maneno hayo. Malori ya mahindi yakazuiwa upande mmoja, upande mwingine wakazuia maziwa, wachuuzi wakagombana, na siku moja mtu akasema redioni kwamba dawa ni nchi yetu kujitoa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kila mtu abaki na shamba lake na kuku wake. Siku ya pili watu kumi wakapiga simu kumuunga mkono na watu kumi kumpinga. Baada ya mwezi hapakuwa na duka Bukoba nzima ambalo ungenunua chumvi bila kuulizwa uko upande gani.

"Wanasema tubaki," Magdalena alisema jioni moja, akitega sikio.

"Huyo wa sasa. Aliyemtangulia alisema tutoke."

"Na huyu anayefuata?"

Aliyefuata alikuwa mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza. Akasema: "Mimi sina ugomvi na biashara. Mimi nasema wageni warudi kwao. Wamejaa mitaani, wamejaa mashambani, wanajifanya wenzetu. Tuanze kuhesabiana!"

Magdalena akanyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio mpaka ikawa kama nyuki chupani. Alichukua buni moja, akaishika tu.

Penina alimtazama, na moyo wake ukapata joto la hasira ambalo hakulizoea. Wiki ileile mwinjilisti alikuwa ametangaza kwamba kutakuwa na mdahalo mkubwa Muleba, redio itarusha moja kwa moja, na umoja wa wanawake umeombwa utoe mwakilishi. Hakuna aliyetaka. Muleba ni mbali, na kusimama mbele ya watu si kazi ya kila mtu. Penina hakuwa msemaji. Aliishia darasa la saba, na kanisani hata sala ya kufunga huwa anaiomba kwa sauti ya chini. Lakini Alhamisi ile, kwenye kikao cha umoja, aliinua mkono.

"Wewe?" Magdalena alishangaa alipoambiwa. "Utasema nini huko?"

"Utasikia kwenye redio."

"Niambie."

"Nikikuambia sasa, siku yenyewe utasikiliza nini?" Akacheka peke yake. Alitaka iwe zawadi.

*

Ukumbi ulikuwa karibu na soko la Muleba, bati jipya, joto la mchana limejikusanya chini yake. Watu walifika mia mbili au zaidi, wengine wamesimama madirishani. Mwongozaji alikuwa kijana wa redio, Isaac, amevaa tai nyekundu, anapita na kipaza sauti kama mtu anayegawa sakramenti.

Na mbele, mezani, upande wa wanaotaka nchi ijitoe, alikuwa ameketi Kaijage.

Penina alimjua vizuri. Kaijage ni mdogo wake Mwijage, yaani shemeji wa Magdalena. Alihamia Muleba zamani, akafungua duka la chakula cha mifugo. Zamani alikuwa anakuja Nshambya na zawadi. Tangu kaka yake azikwe alikuwa anakuja bila zawadi, anatembea tembea kwenye kibanja, anahesabu mibuni kwa macho, anaondoka.

Alisimama akazungumza, na Penina, kwa kuwa ni mtu wa haki, alikiri moyoni kwamba alizungumza vizuri.

"Nilikuwa na kuku elfu mbili," alisema Kaijage. "Elfu mbili! Nilisomesha watoto kwa mayai. Vikaja vifaranga vya ng'ambo, vikaja mayai ya ng'ambo, bei yake ni ndogo kuliko pumba ninazonunua mimi. Nikashusha bei. Wakashusha. Nikashusha tena mpaka nikawa nafuga kuku kwa ajili ya kuwafurahisha majirani. Leo mabanda yangu wanalala popo. Mniambie, hiyo Jumuiya ni ya nani?"

"Kaijage, na pumba unazouza dukani zinatoka wapi?" mtu akapaza sauti dirishani. "Si hukohuko?"

Watu wakacheka. Kaijage naye akatabasamu, akakaa.

Akasimama mkulima mmoja wa Kamachumu, mzee mkavu, kofia mkononi. Akasema yeye hana kuku, ana kahawa. "Nikiiuza hapa napewa bei ya kunyamazisha mtoto. Mnunuzi wa ng'ambo akija, hata huyu wa hapa anapata akili. Mkifunga mlango, mmemfungia nani? Mmenifungia mimi ndani na mwizi wangu."

Makofi. Akasimama mama mmoja akasema wanawe watatu hawana kazi kwa sababu vibarua wa nje wanakubali nusu ya ujira. Akasimama mwalimu, akataja mikataba na asilimia mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Kisha Isaac akamfikia Penina.

"Mama yetu kutoka Bukoba. Dakika tatu."

Penina akasimama. Akakaza kitenge kiunoni. "Bwana Yesu asifiwe," alisema. Wakaitikia. "Tumsifu Yesu Kristo." Wakaitikia wengine. "Asalaam aleikum." Wakaitikia wa nyuma, na mtu akasema, "Mama, salamu zako peke yake ni Jumuiya!" Ukumbi ukacheka, na kicheko kile kikampa nguvu.

"Mimi sijui asilimia," akasema. "Najua kuku wa Ta Kaijage, niliwaona, walikuwa wazuri, na sifurahi kwamba wamekwisha. Ila nataka kusema habari ya mpaka. Huu mpaka, waitu, ndugu zangu, aliyeuchora alikuwa mtu asiye na muziro. Alishika rula akapiga mstari. Hakuuliza nani ni ndugu wa nani. Mimi nimekaa miaka arobaini na ndugu yangu wa muziro mmoja, aliyezaliwa ng'ambo. Sikumchagua. Mungu aliumba ukoo wetu kabla mstari haujawekwa. Mume wangu alipokufa alikaa na mimi kwenye nyasi. Mtoto wangu mwenyewe alirudi kazini siku ya nne, huyu alibaki. Sasa leo mtu anasema redioni wageni warudi kwao. Arudi kwao wapi? Kwao ni kwangu!"

Makofi yalikuwa makubwa. Wanawake wa nyuma wakapiga vigelegele. Isaac akaanza kurudi kuchukua kipaza sauti, lakini Kaijage aliinua mkono pale mezani, kwa adabu kabisa.

"Niulize tu kidogo, mwongozaji. Ma Penina, umesema vizuri, umenigusa hata mimi." Sauti yake ilikuwa laini kama siagi iliyoachwa juani. "Huyo ndugu yako wa ng'ambo ana jina? Mtaje, tumpigie makofi na yeye. Au ni hadithi tu?"

"Hadithi!" mtu mmoja akarukia. "Ni hadithi ya Shule ya Jumapili!"

Watu wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Penina akaona mlango wa ushindi umefunguliwa. Aliona jinsi Kaijage atakavyoaibika, maana atabishana na nyumba yake mwenyewe.

"Unaniuliza jina wewe, Kaijage? Wewe ndiye uliyebeba kitanda chake siku ya harusi! Ni shemeji yako Magdalena, mke wa marehemu kaka yako Mwijage. Mlimleta kutoka Kyotera mkicheza ngoma. Au umesahau?"

Ukumbi ulilipuka. Wazee walipiga fimbo sakafuni. "Umepatikana, Kaijage!" "Mla mayai ya shemeji!" Isaac alikuwa anainama kwa kucheka, kipaza sauti kifuani.

Kaijage hakuaibika. Penina aliliona hilo, kama anavyoona mambo. Yule bwana aliinamisha kichwa, akaandika kitu kidogo kwenye karatasi, akaweka kalamu mfukoni, akapiga makofi pamoja na wengine.

Lakini furaha ilikuwa nyingi, na Penina hakulifuata lile aliloliona. Alinunua nanasi sokoni, kubwa, la kunukia, akapanda basi la kurudi. Njia nzima alilipakata kama mtoto.

*

Saa kumi jioni ya siku ya pili alikata nanasi, akalipanga kwenye sahani, akatoa buni, akawasha redio. Magdalena hakuja.

Pengine ana mafua, akawaza. Saa kumi na mbili alifunika sahani.

Siku iliyofuata hakuja pia. Penina alikwenda. Alipita katikati ya migomba, akafika uani, akapiga hodi. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini moshi ulikuwa unatoka jikoni, na kwenye kamba kulikuwa na kanga inayodondosha maji. Alipiga hodi mara tatu. Alikaa kidogo kwenye kizingiti, akatazama kaburi la Mwijage, kisha akarudi kwake.

Jumapili kanisani alikuwa mtu mkubwa. Wanawake walimkumbatia mlangoni. "Ma Penina, tulikusikia! Umemkalisha chini Kaijage!" Mwinjilisti alimtaja katika matangazo. Hata Nancy alipiga simu kutoka Dodoma, kazini kwao kuna mtu aliyetumiwa ile sauti. "Mama, umekuwa nyota," alisema, kisha akasema ana wageni, atapiga tena.

Mchana Penina alirudi kwake, akavua viatu, akakaa jikoni. Nyumba ilikuwa kimya mpaka akasikia chungu cha maji kikinywa hewa. Alikuwa amepika ndizi za watu wawili, mkono ulikuwa umezoea. Redioni mjadala uliendelea. Mtu alisema tukibaki tutakufa, mwingine akasema tukitoka tutakufa, na kila mmoja alipewa dakika tatu. Nanasi lililobaki lilikuwa limeanza kutoa povu. Alilitupa kwenye shimo la mbolea.

Jumatano akaja Mushumbusi, mwenyekiti wa mtaa, mtu mnene, mpole, ambaye hapendi kazi ngumu. Alikaa akapangusa jasho.

"Ma Penina, umetuletea kazi."

"Kazi gani, Ta Mushumbusi?"

"Hujui kweli?" Alimtazama kuhakikisha. "Kaijage amefungua madai. Kibanja cha kaka yake. Anasema mjane si raia, na asiye raia hamiliki ardhi, kwa hiyo kirudi kwa ukoo, yaani kwake. Magdalena ameitwa ofisi ya kata Ijumaa hii saa nne ajieleze, watu wa vitambulisho nao watakuwapo."

"Lakini Kaijage siku zote alijua! Si yeye aliyebeba..."

"Alijua. Ukoo mzima ulijua. Nani angesema? Mtu akisimama mwenyewe kumfukuza mke wa kaka yake, na kaka amelala mlemle kwenye kibanja, nani atakula naye tena? Wazee wangemtemea mate. Alikuwa anasubiri kinywa cha mtu mwingine." Mushumbusi akatazama mikono yake. "Alikuja ofisini na simu. Hakusema neno lake hata moja. Alibonyeza tu, sauti yako ikasema yote. Na kwenye fomu ya kitambulisho Magdalena aliandika amezaliwa Kanyigo, Missenyi. Upande wetu."

Penina alishika ukingo wa benchi. Sasa lile swali la jikoni, la mwaka ule wa vitambulisho, lilimrudia lote, na kicheko kilichochelewa kuja. Hakuwa ameulizwa jambo la kuchekesha. Alikuwa anaombwa kitu, na yeye akafunua sufuria.

"Ee Yesu," alisema.

"Ndiyo hivyo," akasema Mushumbusi, akainuka. "Mimi nikiulizwa nitasema sijui. Kutojua si dhambi."

Siku ileile Penina alikwenda tena kupiga hodi. Safari hii hata moshi haukuwapo. Aliomba akiwa amesimama pale uani, kwa sauti ya chini kama kawaida yake. Hakuomba msamaha kwa Mungu, maana hakujua aite dhambi ipi. Alichosema kilikuwa cha kweli. Alikisema kwa upendo. Alitafuta mahali pa kosa kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi, na kila alipogusa palimchoma.

*

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Magdalena alikuja mwenyewe.

Alikuja na gauni lake la misa, viatu vya kufunga, kitambaa kichwani. Hakwenda jikoni. Alisimama mlango wa mbele akabisha hodi, kitu ambacho hakuwahi kufanya, na alipokaribishwa aliketi kwenye kiti cha wageni, kile chenye kitambaa cha kufuma. Alikuwa amepungua. Shingo ilionekana ndefu ndani ya gauni.

Penina alileta akamwani kwenye kisahani, kwa mikono miwili. Magdalena alikitazama kisahani, akakiacha mikononi mwa Penina mpaka mwenyewe akakiweka mezani.

"Nilikuja mara mbili," alisema Penina.

"Nilikusikia."

"Magdalena, ndugu yangu, sikujua. Mungu ni shahidi, sikujua. Nilitaka wale watu..."

"Najua ulitaka nini. Nilikusikia kwenye redio. Nilikuwa nimeketi kwenye kitanda changu, nikasikia jina langu, nikasikia Kyotera, nikasikia watu wanapiga makofi." Alivuta pumzi. "Sikuja kugombana, Mama Nancy. Nimekuja kwa shida. Kesho ni saa nne."

"Nimeambiwa."

"Wanataka wazee wawili wa mtaa. Mushumbusi atasema hajui. Wewe huwezi kusema hujui. Ila unaweza kusema ulichanganya." Aliyasema haraka, kama mtu aliyeyakariri njiani. "Useme Kyotera ni kwa shangazi yangu, ndiko nilikochukuliwa siku ya harusi, lakini nimezaliwa Kanyigo. Mwanamke mzee, ukumbi umejaa, kipaza sauti mkononi, Kaijage anakuuliza kwa hila. Nani hatachanganya? Watakucheka kidogo. Watasema Ma Penina amezeeka. Basi, yataisha."

Nje kuku alikuwa anakwaruza majani makavu.

"Wataniapisha?" aliuliza.

"Wataapisha."

"Kwa Biblia."

"Kwa Biblia. Ulidhani kwa nini?"

"Tutafute njia nyingine, waitu. Yuko yule dada wa msaada wa kisheria pale mjini, aliwahi kuja kanisani. Alisema mke wa raia anaweza kuomba uraia..."

"Nikiomba leo nimekiri. Fomu yangu inasema Kanyigo. Watasema, kumbe ulidanganya, na kuomba kwenyewe ni miaka. Kaijage hahitaji miaka. Anahitaji kesho tu." Sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. "Nina miaka sitini na minne. Kyotera hakuna aliyebaki anayenijua. Nikienda Karagwe kwa mkwe wangu, nitakaa kwenye kona ya nani? Na Mwijage? Nimwachie Kaijage amfagilie?"

"Magdalena, amri ya nane..."

"Amri ya nane naijua! Hata kwetu ni ya nane." Aliinama mbele kwenye kiti. "Usimshuhudie jirani yako uongo. Jirani yako ni nani, Mama Nancy? Ni Kaijage?"

Penina alikuwa amelisikia neno hilo likihubiriwa tangu akiwa mtoto, na hakuwahi kulisikia likiulizwa namna hiyo. Alitamani mchungaji awe pale. Alitamani mume wake awe pale. Alitamani, zaidi ya yote, aende jikoni achochee moto, Magdalena amfuate na kigoda na kisu, wakae wasiseme kitu.

"Nitakuja kesho," alisema mwishowe. "Nitasema yote ninayoyajua. Nitasema ulivyomuuguza Mwijage miaka mitatu, ukimgeuza kitandani peke yako. Nitasema kibanja kile umekilima wewe, Kaijage hajawahi kushika jembe humo. Nitapiga magoti mbele yao, mbele ya Kaijage pia, sitaona aibu."

"Hawatakuuliza hayo. Watakuuliza nilizaliwa wapi."

"Basi hapo nitanyamaza."

"Ukinyamaza wataibonyeza simu." Magdalena alitikisa kichwa polepole. "Sauti yako wanayo. Ni sauti yako tu inayoweza kuipinga."

Mtu alipita barabarani akiwasalimu kwa kelele, hakuna aliyemwitikia. Penina aliitazama Biblia yake juu ya kabati, jalada limechakaa, amefunikia kitambaa alichokishona mwenyewe. Alijaribu. Kwa haki, alijaribu. Aliyapanga maneno yale kinywani: Kanyigo, shangazi, nilichanganya. Aliyaona yakiwa mafupi, hayazidi pumzi moja. Aliuona mkono wake juu ya kitabu. Na kila alipofika kwenye pumzi ile, kitu ndani yake kilikataa kama punda mbele ya daraja, na hakujua tena kama kinachokataa ni imani yake au ni woga wake, maana vyote viwili vilikuwa vimekaa ndani yake miaka mingi mpaka vimefanana sura.

"Siwezi," alisema.

Alilisema kwa sauti ya chini sana. Alitumaini kwamba Magdalena hakusikia, amuulize tena, apate nafasi nyingine ya kufikiri.

Magdalena alikuwa amesikia. Alikaa kidogo, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja basi ambalo ameshaambiwa halipo. Kisha akasimama. Alinyoosha gauni, akakaza kitambaa kichwani, akakirudisha vizuri kitambaa cha kufuma kilichokuwa kimeteleza kwenye mgongo wa kiti.

"Magdalena," Penina aliita. "Ndugu yangu."

Magdalena alifungua mlango, akatoka.